Janga lijalo lisimkute mtoto mwenye usonji peke yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, Machi 16, 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu. Siku iliyofuata shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, ziliamriwa kufungwa, na shule za msingi hazikufunguliwa tena hadi Juni 29. Watoto wengi wa Morogoro waliichukua miezi ile mitatu na ushei kuwa likizo ndefu. Walicheza, wakasaidia shambani, kisha wakarudi darasani. Lakini wapo ambao kwao haikuwa likizo hata kidogo. Hao ni watoto wenye usonji.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si wazimu, wala si adhabu kwa wazazi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huanza kuonekana utotoni. Mtoto huchelewa kusema au hasemi kabisa. Huitwa jina lake asigeuke. Hurudia jambo lile lile mara nyingi. Huumizwa na kelele, harufu au mguso ambao wengine hatuujali. Hawafanani: yupo asiyetamka neno, na yupo anayehifadhi haraka kuliko wenzake ila hajui kucheza nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na hali hiyo. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa wetu watu 3,197,104. Tukiugawa mkoa kwa kipimo hicho, tunapata watu zaidi ya 25,000. Basi na tujiulize: wako wapi katika madrasa zetu?

Jambo moja huwaunganisha wengi wao, nalo ni kuhitaji mazoea. Njia ile ile, saa ile ile, sahani ile ile, mwalimu yule yule. Hayo ndiyo magongo wanayotembelea. Janga lilipokuja liliwapokonya magongo hayo kwa siku moja. Shule ilifungwa bila mtoto kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Nyuso alizozizoea zikafunikwa barakoa. Akatakiwa kunawa mara nyingi kwa sabuni na vitakasa mikono ambavyo harufu yake humkera. Masomo yakahamia kwenye redio na televisheni, ambako mtoto asiyezungumza hakuwa na mahali. Haishangazi kwamba mtoto wa namna hii akinyimwa mazoea yake huacha kulala, hujipiga, na hata husahau maneno machache aliyokwisha kujifunza kwa taabu.

Na hayo ni ya waliokuwa na huduma ya kupoteza. Panda milima ya Uluguru, uende Kinole, Tawa, Mgeta au Bunduki. Huko mwalimu wa elimu maalumu ni adimu, na Machi hadi Mei, miezi ya masika, njia huwa utelezi na mito hujaa. Kwa mtoto wa huko milango ilikuwa imefungwa kabla ya korona, na imebaki hivyo baada yake. Mama akienda shambani au akiteremsha ndizi sokoni, wapo watoto wanaofungiwa ndani, na wapo wanaofungwa kamba. Tusiwahukumu akina mama hao kwa haraka. Tujiulize kwanza ni nani aliyewapa njia nyingine.

Pengo la elimu nalo halikai tupu. Hujazwa na dhana. Mtoto husemwa kuwa ana jini, akavishwa hirizi au akachapwa ili jini atoke. Tunasema wazi: kumwombea mtoto dua na kumsomea Qur'ani ni kheri, lakini kumpiga asiyeweza kujieleza ni dhulma, na hirizi ni mlango wa ushirikina. Wakati wa korona likaongezeka jambo la nyungu. Mtu mzima akizidiwa na mvuke hujifunua. Mtoto asiyeweza kusema kuwa anaungua, akishikiliwa kwa nguvu chini ya blanketi, atasema nini? Wengine hudai kuwa chanjo ndiyo iletayo usonji. Uvumi huo ulienezwa na makala iliyochapishwa mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, na jarida hilo lenyewe liliifuta mwaka 2010.

Ndugu msomaji, dini yetu haikutuacha bila mwongozo katika nyakati za dharura. Siku ya mvua na matope, mwadhini aliamrishwa awatangazie watu waswali majumbani mwao. Swala haikufutwa, ilifuatishwa hali ya watu. Mafakihi nao wameweka kanuni kwamba palipo na mashaka, sheria hufungua mlango wa wepesi. Kwa kanuni hiyo hiyo tunasema: mtoto akishindwa kuja kwenye huduma, huduma imfuate mtoto. Mambo hayo yanawezekana hata katika sheria za kidunia. Aprili 2020 Uingereza, iliyokuwa imewazuia watu majumbani, ililegeza mwongozo wake ili mwenye usonji aruhusiwe kutoka nje zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu kwake matembezi yalikuwa ni haja na si starehe.

Sisi hatukufungiwa majumbani, na misikiti yetu ilibaki wazi. Kengele ya shule ilinyamaza, lakini adhana haikunyamaza. Katika kila kijiji chenye msikiti palikuwa na sauti tano kwa siku, kwa mpangilio usiobadilika, wakati mtoto huyu alikuwa akililia mpangilio. Ilikuwa ni ratiba iliyo tayari, nasi hatukuitumia.

Majanga hayajaisha. Kagera ilipatwa na Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na Machi 2025 nchi yetu ilitangaza wagonjwa wa mpox. Maandalizi hufanywa wakati wa amani. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, tuwajue watoto hawa. Kila madrasa, kwa ridhaa ya wazazi na kwa kutunza siri zao, iwe na orodha yao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Maimamu na waulize: kamati yetu iko wapi, na inakutana lini?

Pili, walezi wafundishwe. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji: vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu baada ya kuandaliwa. Mwaka 2022 yaliwekwa pia kwenye intaneti. Halmashauri zetu zina walimu waliosomea elimu maalumu katika Chuo cha Patandi, Arusha, na vyuo vinginevyo. Wao walete ujuzi. Sisi tutoe majengo ya madrasa na baraza za misikiti, kwa Waislamu na wasio Waislamu.

Tatu, kila mtoto awe na ratiba ya nyumbani. Vipande vya boksi na mkaa vinatosha kuchora kuamka, kunawa, uji, shamba, kulala. Adhana iwe alama ya kutoka jambo moja kwenda jingine. Kunawa kwenye kibuyu chirizi na kuvaa barakoa kufundishwe sasa, kwa mchezo, dakika chache kila siku, si siku ya hofu.

Nne, ustadhi ajifunze kumfuata mtoto. Darasa letu la watoto hamsini wakisoma kwa sauti moja ni mateso kwa mwenye masikio mepesi. Mpe robo saa peke yake, saa ile ile, chini ya mwembe wa kwao, bila bakora. Siku shule zikifungwa, robo saa hiyo iendelee. Njia isipopitika, simu ya kitochi inatosha kumwongoza mama.

Tano, kila mlezi awe na karatasi moja: mtoto anakula nini, anaogopa nini, anaombaje kwenda chooni, nini humtuliza. Mama akiugua au akitengwa hospitalini, nani atamchukua mwanawe? Waluguru humhesabu mtoto katika ukoo wa mama, na mjomba ana sauti juu yake. Basi mjomba na bibi wakae katika mafunzo pamoja na mama, na karatasi hiyo waijue. Mila njema haipingani na dini.

Mwisho, tuwafungulie misikiti. Bedui alipokojoa msikitini, Mtume (s.a.w.) aliwazuia maswahaba wasimkemee, akaagiza maji yamwagwe mahali pale, kisha akamfundisha kwa upole. Leo mtoto akipiga kelele safu ya nyuma, mama yake hutazamwa kwa macho makali hadi asirudi tena. Huyo bedui alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Mtoto huyu hata kalamu ya kumwandikia dhambi imeondolewa juu yake. Sisi kalamu zetu zinaandika.

Tunatoa wito kwa kila msikiti wa Manispaa na wa milimani: kabla ya toleo lijalo kutoka, mtafuteni mtoto mmoja, mwendeeni kwao, muulizeni mama yake anahitaji nini. Tuanzie hapo.

Wabillahi tawfiq.