Mashini ya kazi nyingi: tuulize kwanza kisu chake



Msimu uliopita panya walikula mahindi yetu wakipitia chini ya mulango wa depo. Mulango wenyewe ulikuwa muzima. Kilichooza ni miguu ya kadre, zile mbao zinazoshikwa na matofari. Muchwa waliila kutoka chini mpaka urefu wa kiganja. Fundi wa kwanza alituambia: "Papa, hapa ni kubomoa ukuta, kutoa kadre yote, na kuanza upya." Hesabu yake: siku 2 za kazi na mufuko wa simenti. Fundi wa pili, kijana kutoka Ruashi, alikuja na mashini ndogo ya kushika mukononi. Akakata paka sehemu iliyooza, akaweka kipande cha mulombwa, akapigilia misumari. Saa moja haikuisha.

Tangu siku ile kila mutu anaitaka mashini kama ile. Mu mukutano wetu wengine walisema koperative itoe feza, inunue. Wengine wakajibu kwamba feza iende kwenye mbolea. Mimi niko upande wa kununua, lakini si kwa namna tulivyoanza kulizungumza jambo hili. Tulibishana juu ya mashini gani iko na nguvu na gani iko bei rahisi. Hakuna aliyeuliza: visu vyake tutavipata wapi, na kwa bei gani?

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Kisu cha mashini hii hakizunguki kama diski. Kinatikisika, kulia na kushoto, hatua ndogo sana, mpaka mara 20.000 kwa dakika. Kampuni ya Fein ya Ujerumani ilitoa musumeno wa namna hii mwaka 1967, kwa kazi ya hospitali: kukata plasta kwenye mukono au muguu uliovunjika. Plasta ni ngumu, inakatika. Ngozi inafuata mutikisiko, kwa hiyo haikatiki kwa urahisi. Lakini musidanganyike. Visu vya mbao na vya chuma vinavyouzwa leo viko na meno makali, na vidole vyetu si plasta.

Kwa sababu kisu hakizunguki, mashini hii inaingia pale musumeno na diski haviwezi: kukata kadre karibu na sakafu, kukata musumari kati ya mbao mbili, kufungua tundu la kufuli, kusugua kwenye kona. Hizo ndizo kazi zake. Kupasua ubao kwa urefu, chukua musumeno. Kukata chuma kinene, chukua mashini ya diski. Mwenye kuwaambia kwamba hii moja itafanya kazi za zote, anataka kuuza.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe. Nilinunua yangu sokoni kwa dola 35, ndani ya sanduku nzuri lenye visu vingi. Nilifurahi kwa wiki moja. Visu vile vyote vilikuwa vya mbao laini. Cha kwanza kilikutana na musumari, meno yakaisha papo hapo. Cha pili nilikisukuma kwa nguvu kwenye mbao ngumu, kikapata moto, kikawa cheusi, hakikukata tena. Vilipoisha, nilizunguka maduka ya mujini, lakini kila kisu nilichopewa kilikuwa na tundu la sura ingine. Mashini ingali nzima mpaka leo, iko chini ya kitanda. Ni nzima, lakini haina meno.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza: mutakayemutuma kununua, aanze na visu. Aingie kwenye maduka matatu ya hapa Lubumbashi, na kama kuna mutu anayeshuka Kasumbalesa, aulize huko pia. Aangalie ni sura gani ya tundu inayopatikana kwa wingi, halafu atafute mashini inayoishika sura ile. Tangu mwaka 2016 Bosch na Fein walileta sura moja inayoitwa Starlock. Inashika vizuri kabisa, lakini visu vyake haviingii kwenye kila mashini, na yenyewe iko na ngazi tatu: kisu cha ngazi ya chini kinaingia kwenye mashini ya ngazi ya juu, cha juu hakiingii kwenye ya chini. Ukikosea hapo dukani, umepoteza feza.

Pia ajue namna za visu. Kwa mbao safi, kisu cha kawaida kinatosha. Kwa mbao zenye misumari, na zetu karibu zote ni hizo, tuchukue kile cha metali mbili, ambacho meno yake ni ya chuma kigumu zaidi. Afazali visu 5 vya namna hii kuliko sanduku la visu 30 vya kupendeza macho.

Shauri la pili ni umeme. Kuko mashini za waya na kuko za batri. Vijana wanapenda batri, na ninawaelewa: shambani hakuna waya. Lakini batri inataka kujazwa, inazeeka, na bei ya batri moja nzuri inaweza kukaribia bei ya mashini yenyewe. Tena batri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashini ya kampuni ingine. Ya waya inatumia kiasi cha wati 200 mpaka 400, kwa 220 V, na jenereta yetu ndogo inayosukuma pompi inaweza kuibeba bila shida. Kwa koperative yetu ninasema: waya. Kama kesho tutapata mashini ya kutoboa yenye batri, hapo tutazungumza tena, kwa sababu batri zitatumika pande mbili.

Shauri la tatu: iwe na kitufe cha kupunguza mwendo. Mbao inapenda mwendo, chuma kinapenda pole pole. Mashini yenye mwendo mumoja tu inaunguza visu, na visu ndiyo gharama ya kila mwezi.

Ya nne si ya duka, ni ya afya. Miwani ya macho na kitambaa cha pua viingie kwenye hesabu ya kununua, visingojee. Na wale walio na nyumba za zamani zenye eterniti: musikate wala kusugua mabati yale kwa mashini yoyote. Mengi ya zamani yaliwekwa amianti ndani, na vumbi lake linaharibu mapafu, ugonjwa ukionekana miaka mingi nyuma yake.

Ninajua neno la wale wa mbolea. Mama mumoja aliniuliza: "Mashini italeta bukari mezani?" Ni swali la haki. Jibu langu: mahindi yaliyoliwa na panya tulikuwa tumeshayalimia, tumeshayawekea mbolea, tumeshayapalilia. Depo isiyofungika inakula mbolea ya mwaka mzima. Lakini kama kila mwanachama atanunua yake ya dola 35, tutatupa feza nyingi kuliko bei ya moja nzuri ya wote, na kila nyumba itakuwa na sanduku chini ya kitanda kama mimi.

Basi ninaomba hivi. Tununue moja, ya waya. Ikae kwa mutunza depo, na kuwe na daftari: nani ameichukua, siku gani, amerudisha na visu vingapi. Mwenye kuitumia nyumbani kwake alipe kisu alichomaliza. Na kabla ya kupiga kura, kila mutu aandike kazi zinazomungojea: milango mingapi, madirisha mangapi, mizinga mingapi ya nyuki. Tukikuta kazi ni tatu tu, tumuite tena yule kijana wa Ruashi, tumulipe, na feza iende kwenye mbolea. Mimi mwenyewe nitainua mukono.