Kabla ya kumnyang'anya mtoto kitabu cha upelelezi

Ndugu msomaji, sisi tunaoandika hadithi za upelelezi tuna swali ambalo halitukosi kwenye shughuli yoyote, iwe harusi au arobaini. Mtu mzima mwenye heshima zake anakusogelea, anakusalimu vizuri, anakusifu kidogo, kisha anauliza: "Sasa kitabu cha maana utaandika lini?" Mimi huwa nacheka tu, maana najua hana ubaya.

Ila swali hilo likiingia majumbani linabadilika kuwa amri. Mama mmoja wa Kerege ameniandikia kwamba mwanawe wa kidato cha pili amezama kwenye riwaya za wapelelezi. Usiku anasoma kwa tochi ya simu, asubuhi anasinzia. Mama amevikusanya vitabu vyote, amevifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao kwenye pindo la kanga. Anauliza kama amefanya sawa.

Usingizi wa mtoto ni haki yake, na hapo sina ubishi na mama. Ninachobishia ni sababu ya pili aliyoitaja, kwamba vitabu hivyo ni "upuuzi wa kupotezea muda".

Dharau hiyo ina historia. Wataalamu wetu wa fasihi wana mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Dhati ndizo zinazosomwa darasani. Pendwa ni za upelelezi, mapenzi na vitisho, zile ambazo watu hununua bila kulazimishwa na mwalimu. Mtu akisikia majina hayo haraka haraka anaona fungu moja lina akili na jingine halina.

Lakini mwangalie Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, ambaye hakuna anayethubutu kumwita mpuuzi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Katika Adili na Nduguze, ndugu wanageuzwa manyani. Leo kijana akileta miswada ya namna hiyo ataambiwa ameandika hadithi za ajabuajabu, aende akatafute mambo mazito. Uzito wa Shaaban Robert umo ndani ya maajabu hayohayo. Kwa hiyo aina ya hadithi peke yake haitoshi kutuambia kama kitabu kina maana.

Sasa nije kwenye upelelezi wenyewe. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari kutoka Zanzibar, alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa 1960. Humo ndimo tulimopata Bwana Msa na kiko chake, ambaye wengi wamemfananisha na Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu. Watu wana jibu tayari: ni mambo ya mizimu. Bwana Msa hawatukani watu wala hawacheki imani zao. Anachofanya ni kuuliza maswali, kutazama, na kukataa kutaja jina la mtu mpaka awe na ushahidi mkononi.

Nakuomba ukipime kitendo hicho kwa mizani ya familia zetu. Huku pwani, kuanzia Bunju mpaka Saadani, misiba mingi ya ghafla haipiti bila mtu kunyooshewa kidole. Kijana ameanguka kazini, amefariki; kabla ya hitma kuna watu wameshakaa barazani wanamtaja shangazi. Kwa nini shangazi? Hana mtoto, anaishi peke yake, na siku moja aligombana na marehemu kwa ajili ya mnazi. Kesi imekwisha. Shangazi haalikwi tena kwenye shughuli, watoto wanakatazwa kula kwake, na ukoo unagawanyika hata wajukuu hawasalimiani. Kanda ya Ziwa mambo yamefika mbali zaidi. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo yameharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni.

Kijana aliyesoma hadithi kumi za upelelezi amejifunza kitu ambacho baraza lile halina. Amezoea kuona kwamba mtu wa kwanza kutuhumiwa mara nyingi siye. Amezoea kuuliza nani alikuwepo, saa ngapi, na nani anayesema aliona kwa macho yake na nani anayesema alisikia. Sidai kwamba kila msomaji wa Bwana Msa anakuwa mwadilifu. Ninachosema ni kwamba huko kukawia kabla ya kuhukumu ni zoezi, na vitabu vichache vinalifanyisha zoezi hilo kwa utamu kama hivi vinavyoitwa upuuzi.

Mwandishi naye anafungwa na sheria hiyohiyo. Muuaji lazima awe mtu ambaye msomaji ameshakutana naye, na alama za kumkamata ziwe zimewekwa wazi njiani. Mwandishi anayemtoa muuaji mfukoni katika ukurasa wa mwisho amemwibia msomaji muda wake. Na si muuaji tu, hata maji ya bahari lazima yakae mahali pake. Kijana mmoja aliniletea mswada mzuri wa magendo unaotokea hapa Bagamoyo. Usiku wa mwezi mpevu, saa nne kamili, mashua imejaa shehena inasogea mpaka ufukweni na watu wanashusha mizigo bila kulowa magoti. Nikamwambia aende sokoni kwa wavuvi akawasomee ukurasa ule.

Alirudi kimya. Wavuvi walimcheka. Mwezi mpevu ni bamvua, na bamvua katika pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Saa nne ile aliyoandika, bahari ya Bagamoyo imekimbia mbali, na mashua yake ingelala ubavu kwenye mchanga. Alikuwa na njia mbili: aisogeze saa mpaka alfajiri, au asubiri siku nyingine ya mwezi. Alichagua alfajiri, na hadithi ikanoga zaidi kwa sababu sasa mlanguzi wake anakimbizana na mapambazuko na adhana. Kilichoiokoa hadithi hiyo ya "kupotezea muda" ni elimu ya maji ambayo wazee wetu wanayo na vijana wengi tumeacha kuwauliza.

Hata hivyo, sitaki mama wa Kerege adhani nafanya biashara ya kutetea kila kitu. Katika vitabu hivi yamo mambo ya kulalamikia, na mzazi ana haki ya kuyajua. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Ni hadithi za kasi, na adui wao mara nyingi ni makaburu na vibaraka wa wakoloni, maana ziliandikwa wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Mtoto anaweza kuonja humo joto la miaka ambayo kwenye kitabu cha historia ni tarehe tu. Lakini tazama wanawake wa riwaya nyingi za aina hii. Wengi ni wazuri kupita kiasi, na kazi yao ni kumtega shujaa au kuwa zawadi yake. Mvulana wa miaka 15 akisoma hayo peke yake, bila mtu wa kuzungumza naye, anaweza kuyabeba kama yalivyo.

Zipo pia hadithi za kwenye simu, za "sehemu ya kwanza" mpaka "sehemu ya hamsini", ambazo mtu hutumiwa kipande bure kisha anaambiwa atume fedha apate kinachofuata. Baadhi zina waandishi hodari sana. Nyingine ni uchafu uliovikwa jina la mapenzi, na hizo hazihitaji mjadala, mtoto asiwe nazo. Tatizo ni kwamba mzazi ambaye hajasoma hata moja hawezi kuzitenganisha. Anaona jalada lina bastola, anafunga zote kabatini, na mtoto anakimbilia simu, ambako hakuna kabati.

Basi ushauri wangu kwa mama, na kwa wazazi wenzangu wenye watoto wa aina hiyo, ni huu. Toa kitabu kimoja kabatini ukisome mwenyewe kwanza. Havichukui muda mrefu, na usishangae ukichelewa kubandika maharage. Kisha mrudishie mtoto kwa masharti: kinasomwa mchana au baada ya kazi za shule, na simu inalala chumbani kwako. Akifika katikati ya kitabu, mwambie akitaje anayemshuku na sababu zake, na usikubali jibu la "nahisi tu". Akimaliza, muulize kama shujaa angemfanyia dada yake vile alivyomfanyia yule msichana wa hotelini, je, angempenda?

Kuna jambo moja zaidi la kukumbuka. Watoto wetu wengi wamezisoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kwa ajili ya mtihani, tena wengine kupitia vitini vya dhamira na wahusika bila kukigusa kitabu chenyewe. Mtihani ukipita, kusoma nako kumekwisha. Anayesoma kwa tochi usiku bila kutumwa ana kiu ambayo mwalimu wa Kiswahili angeitafuta kwa fedha. Kiu hiyo ukiipangia saa, baadaye utaweza kuielekeza kwa Shaaban Robert na kwingineko. Ukiizima, sijui utaiwasha kwa nini.

Na yule mzee wa kwenye harusi akiniuliza tena lini nitaandika kitabu cha maana, nitamwomba kwanza aniambie amesoma kipi kati ya nilivyokwisha kuandika. Kama amesoma na bado hakuona maana, nitakaa chini nimsikilize, maana huyo ana ushahidi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.