Waraka wa wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: Mtoto asipimwe kwa sikio la baba yake

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Singida, ninakofundisha sayansi katika shule ya msingi. Neno langu ni moja: mada ya sifa za kurithi tusiifundishe tena kwa nyuso za watoto wetu, ilhali vishikwambi tunavyo.

Miaka mitatu iliyopita niliwaagiza wanafunzi wakalinganishe masikio yao na ya wazazi, nani ndewe yake inaning'inia na nani imeshikamana na shavu. Zoezi hili walimu tunaachiana, nami nililipokea bila kulihoji. Kesho yake binti mmoja hakunyoosha mkono kabisa. Analelewa na bibi yake, hana baba wala mama wa kumtazama. Mwenzake alirudi na jambo zito zaidi: ndewe zake hazikufanana na za mzazi yeyote, na maneno yalikuwa yameshaanza nyumbani. Ilinibidi niende kwa wazazi wake kueleza kwamba umbo la sikio halifuati ile kanuni nyepesi niliyoifundisha. Nilikwenda kuomba radhi.

Kukunja ulimi nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1940 mwanasayansi wa Marekani, Alfred Sturtevant, aliandika kwamba uwezo huo hurithiwa. Mwaka 1952 Philip Matlock akachunguza mapacha wa yai moja, akakuta jozi ambazo mmoja anakunja ulimi na mwenzake hawezi. Sturtevant mwenyewe alikubali kukosolewa. Madarasani zoezi lingali hai.

Siku hizi natumia kuku. Huku kwetu kuku wa kishingo ni wa kawaida, na kifaranga wake hujulikana tangu anapoanguliwa, shingo tupu. Kishikwambi changu, kimojawapo cha vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, ndicho daftari letu: tunampiga picha jogoo na tetea, tunasubiri siku 21 za kuatamia, kisha tunawapiga picha vifaranga na kuwafuatilia wanavyoota manyoya. Wanafunzi wenyewe ndio waliogundua, kwa kukuza picha, kwamba baadhi ya kishingo wana kishada cha manyoya mbele ya shingo na wengine hawana. Mwenye kishada amepata jeni ya kishingo kwa mzazi mmoja tu. Asiye nacho, kwa kawaida, ameipata kwa wote wawili. Mtoto wa miaka 10 aliiona tofauti hiyo kabla sijatamka neno jeni.

Linalobaki ni bahati, yaani jeni ipi mtoto anapata kwa kila mzazi, na hapo mashine inanizidi. Kila kundi hurusha sarafu mbili, moja ya baba na moja ya mama, tukihesabu ni mara ngapi zote zinaangukia kichwa. Kundi moja lilipata mara tatu mfululizo, jingine halikupata hata mara moja, na somo likavurugika. Programu ya kurusha mara 1,000 kwa dakika moja ingewaonyesha robo ikijitokeza yenyewe, na kwamba kila mrusho unaanza upya.

Huo kuanza upya ndio elimu inayokosekana majumbani. Takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Wazazi wawili wanaobeba jeni ya ugonjwa huo wakiambiwa "mmoja kati ya wanne", hudhani mtoto wa kwanza akiugua watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila mimba ina robo yake. Ualbino nao hurithiwa kwa njia hiyohiyo, kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, lakini lawama humwangukia mama peke yake. Na nchi hii imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa imani potofu.

Naiomba Taasisi itengeneze programu hiyo kwa Kiswahili, ifanye kazi bila intaneti, maana bando hutoka mfukoni mwa mwalimu. Kiongozi cha Mwalimu nacho kiseme bayana kwamba mwanafunzi asiagizwe kulinganisha mwili wake na wa wazazi wake. Picha za kuku wetu nitazitoa bure, kuanzia yai hadi kuku mzima.

Muhula ujao naifikia tena mada hii. Naomba jibu lako linifikie kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Sayansi,
Singida