ELIMU NI BURE, NA DAFTARI LA FEDHA LIKO WAPI?

Ndugu wanachama wa Tanga Mjini, Pangani, Muheza na Mkinga! Kila unapofika wakati wa kuchagua wajumbe wa kamati ya shule, sisi huwa wapi? Twanywa kahawa barazani. Mkutano wa wazazi huitwa saa tatu, saa tano watu hawajatimia, saa sita mwalimu mkuu huomba majina, na wale kumi au kumi na wawili waliovumilia jua huchaguana wao kwa wao. Mwezi wa pili yake twasikia kuna mchango, na mtaa mzima wapiga kelele. Kelele za nini? Kiti kilikuwa wazi, nasi hatukukikalia.

Nataka kusema na watu wa aina mbili, na wa kwanza ni wetu wenyewe. Wako viongozi wa matawi ambao, wakipewa nafasi ya kusema mbele ya watu, huwaambia wazazi kwamba elimu ni bure na mtu asitoe hata senti moja. Hupigiwa makofi mengi, kisha hurudi makwao. Mimi nasema maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli imeumiza watoto wengi kuliko uongo.

Kweli yenyewe ni hii. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa na ada ya sekondari mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, ile ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na sita. Ni jambo jema, na asiyelisifu ana choyo. Lakini Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulisema pia ya kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Mbona hayo hayasemwi jukwaani?

Sasa tupige hesabu, maana mimi nilisomea ualimu na hesabu siiogopi. Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa wakati wa mpango wa MMEM ulioanza 2002, na siku zile shilingi elfu kumi zilikaribia dola kumi za Kimarekani. Miaka ishirini ikapita, kiwango kilekile, na elfu kumi imekuwa dola nne na ushei. Tena kwa utaratibu wa 2016 si zote zinazofika shuleni: 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo ziliteremka. Shule ya watoto 800, basi, ingepata 4,800,000 kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi kumi na miwili: 400,000. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, maji, umeme, kitasa kilichovunjika, na nauli ya mwalimu kupeleka taarifa. Mlinzi hamna. Uji hamna.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya pwani hii ambayo sitaitaja, niliona asubuhi moja watoto wa darasa la pili wametengwa chini ya mwembe. Wenzao wanakunywa uji, wao wanatazama. Wazazi wao hawakuleta mchango wa mahindi. Alikuwapo mtoto wa mvuvi, na pepo za kusi zilikuwa zimevuma siku kumi hakuna aliyetoka baharini. Yule mtoto hakulia, alikuwa anachora ardhini kwa kijiti. Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Nilipouliza ni nani aliyetoa amri ile nikaambiwa ni kamati. Nikauliza kamati imechaguliwa na nani? Na wazazi. Nikauliza wangapi? Mwalimu mmoja akacheka tu.

Katazo la michango la Januari 2018 twalikumbuka sote. Walimu wakazuiwa kushika fedha za wazazi, na anayetaka kuchangia kwa hiari akaambiwa apitie kwa mkurugenzi. Kwa siku chache tulifurahi. Lakini mlinzi alitaka mshahara wake na uji ulitaka sukari, na mahali pengi mchango ukarudi kwa mlango wa nyuma, bila risiti, bila kuandikwa. Mchango usioandikwa ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa mnyonge hawezi hata kuukatia rufaa.

Aina ya pili ya watu ni wale wanaokitaka kiti kupita kiasi. Hao wamezuka tangu fedha za ujenzi zianze kuingia katika akaunti za shule, na shule kutumia mafundi wa karibu badala ya makandarasi wakubwa. Katika mpango wa fedha za UVIKO wa mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Milioni 20! Kumbe kuna saruji ya kununua, kuna mchanga, kuna mbao, na kamati ndiyo hupokea mzigo na kutia sahihi. Basi mtu asiye na mtoto shuleni, ambaye hajapata kukanyaga uwanja wa shule, leo anagawa soda kwenye mkutano wa wazazi. Tanga twasema waja leo waondoka leo, na huyu ataondoka siku ile bati la mwisho likigongelewa.

Wazee wetu walijua jambo hili mapema. Mkoloni aliweka elimu tatu, ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, kila moja na fungu lake, na Mwafrika hakuwapo mafungu yalipokatwa. Wazazi wa TAPA wakachanga na kujenga shule zao wenyewe, huku wakidai utaratibu ule wa rangi uvunjwe, nao ulivunjwa kuanzia Januari 1962. Walichanga na walidai, yote mawili kwa pamoja. Hawakuambiana kwamba mwenye kuchanga hana haki ya kudai.

Wala asituambie mtu kwamba hatulipi. Mama wa Makorora anunuapo umeme wa LUKU hukatwa kodi ya jengo, tangu 2021. Kabla ya 2016 kodi hiyo ilikusanywa na halmashauri yake. Analipa katika sabuni, analipa katika muda wa simu. Fedha ya shule ni yake, na hesabu yake ni haki yake kuisoma.

Tena mzigo mkubwa uko njiani. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027, pamoja na wale wa darasa la saba. Maana yake Januari 2028 makundi mawili yabishe hodi kidato cha kwanza kwa mara moja. Watakaa wapi? Tutaombwa matofali, tutaombwa madawati, na fedha za ujenzi zitamwagika tena. Kamati dhaifu na bodi zilizolala zitakuwa sherehe kwa wale wagawaji wa soda.

Kwa hiyo kila tawi lichague wazazi watatu wenye watoto katika shule ya karibu, angalau mmoja awe mwanamke, waende mkutanoni saa tatu kamili na wakae mpaka mwisho. Kabla ya majina kutajwa, waombe daftari la fedha lisomwe kwa sauti: ruzuku iliyoingia mwezi kwa mwezi, iliyotumika, na risiti. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, analo. Wamwombe kwa heshima, kwani walimu wengi nao wangefurahi kuulizwa. Wapendekeze mchango wowote uandikwe, uwe na risiti, na mtoto wa asiyeweza anywe uji kama wenzake. Anayegombea na akakataa hayo, asipewe kura, hata kama ana kadi yetu mfukoni.

Tawi lisilo na mtu wa kusoma hesabu liandike barua ofisi ya wilaya. Nitakuja mwenyewe kwa baiskeli, Jumamosi au Jumapili, na kalamu nitaleta.