Ukano wa ng'ombe wageuka dawa, Busale yabaki na panga

KATIKA kata ya Busale wilayani Kyela, kama kwa wakulima wengi wa kakao, tunda hushikwa kwa mkono mmoja na kupasuliwa kwa panga kwa mkono mwingine. Panga likiteleza hukata kiganja au kidole, na mara nyingine hukata ukano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Kidonda hufunga, lakini kidole hakijikunji tena.

Huko nje ukano umekuwa biashara kubwa. Rotation Medical ya Marekani ilitengeneza kiraka laini kinachowekwa juu ya ukano wa bega uliochanika ili mwili uoteshe nyama mpya. Mwaka 2017, Smith & Nephew ya Uingereza iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 125 za awali, na nyingine hadi milioni 85 kutegemea matokeo ya biashara. Malighafi ya kiraka ni kolajeni, protini inayotolewa kwenye ukano wa kisigino cha ng'ombe.

Mfugaji atauliza: nchi ambayo sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9 inakosa nini? Haikosi wingi. Kiwanda cha vifaa vya tiba hutaka kujua ng'ombe alizaliwa wapi, alikula nini na alichinjwa lini, na hutaka nchi iliyothibitishwa kuwa salama dhidi ya kichaa cha ng'ombe. Ng'ombe wa mnadani asiye na kumbukumbu yoyote hana nafasi hapo. Anayewaahidi wafugaji soko hilo kesho anauza maneno.

Wala si kila kiraka kimefaulu. Kimoja cha utumbo wa nguruwe kilijaribiwa kwa wagonjwa wa bega, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ukaonyesha kuwa hakikusaidia michaniko mikubwa kupona. Kwa kano za vidole, uzi wa kushonea ndio tegemeo hata katika nchi tajiri, maana ukano lazima uteleze ndani ya ala nyembamba, na kitu kinene hukwama.

Kwa hiyo hesabu ya Busale ni ya muda. Ukano wa kidole ukishonwa ndani ya siku chache, matumaini ni mazuri. Wiki zikipita, ncha zake hurudi nyuma, msuli hufupika, na daktari hulazimika kupandikiza ukano wa sehemu nyingine, pengine kwa upasuaji mara mbili. Anayeshonwa ngozi tu, bila kuambiwa akunje vidole kimoja kimoja, ndiye anayepoteza siku hizo. Nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kupitia Tukuyu inauma, lakini ni gharama ndogo ukilinganisha na yanayofuata.

Mkono ulioshonwa hukaa kwenye banzi kama wiki sita, na kazi nzito husubiri hadi wiki ya 12 hivi. Malipo ya vibarua kwa muda wote huo hayaandikwi kwenye risiti ya hospitali.

Rungu la mti hupasua tunda bila kukata mkono wala punje. Punje iliyokatwa na panga huingiwa na ukungu na wadudu kirahisi, ikashusha daraja la mzigo unaofikishwa chama cha msingi. Kwa aliyezoea panga, rungu huchelewesha kazi kidogo siku za mwanzo.