Staa Akivimba Mikono kwa Kufuma, Msikimbilie Kusema Karogwa

Kuna staa mmoja wa Bongo Movie ambaye siku hizi kamera kaziweka pembeni, anafuma. Kofia za watoto, soksi, midoli ya felti, vyote anatupia mtandaoni na oda zinamiminika. Juzi kati kaposti mikono yake: imevimba, vipele mpaka kwenye viwiko. Basi maneno yakaanza. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema anajidekeza, na wapo waliomtaka aache kufuma arudi kuigiza.

Aache kwa nini? Kwanza ajue anashika nini.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Watu wengi uzi wowote mnene wa kufumia wanauita sufu. Ule "Brazilian wool" wa kusukia nywele, pamoja na jina lake, kwa kawaida ni akriliki, yaani jamii ya plastiki. Kondoo hayumo! Mtu anaweza kumlaumu kondoo wa watu bure, kumbe kinachomwasha ni rangi au dawa za kiwandani.

Na hata kama ni sufu kweli, aleji ya sufu yenyewe ni adimu. Mara nyingi ngozi inachomwa tu na nyuzi nene, zile zinazozidi mikroni 30 hivi. Ndiyo maana sufu laini ya merino wengi wanaivumilia. Wengine wanakataliwa na lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo ambayo yamo pia kwenye baadhi ya losheni na mafuta ya midomo. Mtu wa hivyo ataacha kufuma na bado atawashwa. Anayeweza kujua ni daktari wa ngozi, kwa vile vibandiko vya mgongoni. Mganga hahusiki hapo.

Felti nayo ina mambo yake. Ile halisi ni sufu iliyosuguliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka ikashikana. Zile karatasi za felti za rangi rangi za madukani mara nyingi ni poliesta, na kwa midoli zinatosha kabisa. Ila nyingine zimechanganywa, kwa hiyo lebo isomwe. Uzi usio na lebo, kipande kidogo kishikwe kwa koleo kichomwe juu ya sahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika, akriliki huyeyuka ikaacha tone gumu, pamba hunuka kama karatasi.

Lakini staa naye asionewe huruma tu. Kofia zake anaziuza kwa jina la "sufu asilia". Kama mikono ya mtu mzima imevimba hivyo, kichwa cha kichanga je? Mama anayenunua ana haki ya kujua mwanawe anavalishwa nini. Aandike kilichomo, na kama hajui, asiandike "asilia".

Sindano asiziweke chini. Ahamie kwenye pamba, biashara iendelee.

Wadau, mnasemaje?