Vumbi la Leo, Kifua cha 2050

Vijana wenzangu wa Rungwe Mpya, Kasulu, Kibondo na popote mnaposoma hapa.

Wiki hii siandiki habari za uchaguzi. Naandika habari za vumbi.

Kabla sijashika kadi ya chama nilikuwa saidia fundi. Tukapata kazi ya kubomoa paa la jengo moja la zamani huku kwetu, tuweke bati mpya juu na jipsam chini. Paa lenyewe lilikuwa la asbesto, zile za kijivu zenye mawimbi, nzito, zinazovunjika kama chungu. Hatukupewa barakoa, tulipewa nyundo. Tukapiga, tukatupa chini, tukatoka weupe vichwani, tukacheka kwamba leo wote tumekuwa wazee. Vipande vizima majirani wakaomba wakajengee mabanda ya kuku. Jioni nikapewa hela yangu mkononi. Jina langu halikuandikwa popote.

Siku zile niliona ni jambo zuri: hakuna makaratasi, hakuna usumbufu. Leo najua nilipoteza haki yangu palepale.

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Paa likiwa zima na limetulia, hatari yake ni ndogo. Balaa linaanza unapolivunja, kulikata, kulitoboa au kulipiga msasa. Nyuzi zinapaa, unazivuta, zinakaa kwenye mapafu. Zinaleta kovu la mapafu liitwalo asbestosi, saratani ya mapafu, na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Na haviji kesho. Vinaweza kuchukua miaka 10, 20, hata 40. Kijana aliyebomoa paa akiwa na miaka 22 anaanza kukosa pumzi akiwa na wajukuu, na mtaani watasema ni TB au amerogwa.

Mafundi jipsam msijitoe. Marekani, dawa ya kuzibia maungio ya bodi iliwekwa asbesto kwa miaka mingi mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1977, na waliokuwa wakiipiga msasa waliugua. Kwetu hatari kubwa iko juu ya kichwa chako: unatoboa na kufunga dari mpya chini ya paa kuukuu.

Sasa watu wananiuliza, "Kwani sheria hakuna?" Ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilizaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wako. Magonjwa ya kazini yamo, siyo kudondoka kwenye ngazi tu. Matibabu, pensheni ya ulemavu, msaada wa mazishi, malipo ya wategemezi, vyote vimo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga na akupime afya, na OSHA ndio wasimamizi wake.

Tatizo letu liko hapa: sheria inamlinda mfanyakazi, na sisi kwenye karatasi siyo wafanyakazi. Kwenye kazi za fosi akaunti ukiuliza mwajiri wako nani, kamati inasema ni fundi mkuu, fundi mkuu anasema ni halmashauri. Mwisho wa siku umefanya kazi ya mzimu.

Lakini msikate tamaa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema unachukuliwa kuwa mfanyakazi kama, kwa mfano, mtu mwingine ndiye anayekupangia namna ya kufanya kazi au saa zako, au anakupa vifaa. Ni juu yake kuthibitisha kwamba siyo. Hoja hiyo unaweza kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkataba wa mdomo siyo kifo cha haki yako, ila unahitaji ushahidi kwamba ulikuwepo.

Tazameni wenzetu wa Afrika Kusini. Zaidi ya watu 7,000 waliougua kwa asbesto waliishitaki kampuni ya Cape huko Uingereza. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya huko ikasema kesi isikilizwe London, na mwaka 2003 kampuni ikakubali kulipa. Mwaka huohuo ukaanzishwa mfuko mwingine kwa wagonjwa wa migodi ya asbesto, na mchimbaji anayedai lazima aonyeshe alifanya kazi mgodi gani, miaka gani. Yaani miaka 30 baadaye, kinachomtetea mtu ni karatasi.

Kwa hiyo fanyeni hivi, kuanzia kazi ya kesho. Piga picha ya jengo na paa kabla hamjaligusa. Andika tarehe, eneo, jina la aliyewapa kazi na wenzako mliokuwa nao. Tunza meseji za malipo ya simu. Paa la asbesto msilivunje: lilowesheni, fungueni misumari, shusheni shiti nzima. Kitambaa puani siyo kinga, na nguo za kazi msipeleke nyumbani kwa watoto. Mkipewa nyundo bila vifaa, kataeni kwa pamoja na mtoe taarifa OSHA. Ukienda hospitali na kifua, mwambie daktari ulishawahi kuvunja asbesto. Akikuambia ni ugonjwa wa kazi, toa taarifa WCF mapema, maana madai yana ukomo wa muda.

Na sisi kama ngome ya vijana tudai mambo mawili kwa halmashauri zetu. Moja, orodha ya majengo yote ya umma yenye asbesto ibandikwe wazi, shule kwa shule. Mbili, kusiwe na malipo ya kazi yoyote ya ukarabati bila majina ya vibarua wote kuandikwa na mwajiri wao kujulikana. Madiwani wa chama chetu nao wapo kwenye vikao hivyo. Tuanze kuwauliza wao.

Mimi paa langu nilishalivunja. Siwezi kulirudisha vumbi lile. Kibarua wa kesho bado hajapanda ngazi, na jina lake linaweza kuandikwa.